Mtu Mmoja, Picha Nne

Nianze kwa kukiri kwamba sijui kuchora. Watu wakisikia kuwa zamani nilikuwa nachora katuni hunitazama vidole, kana kwamba wataona kitu. Hakuna kitu. Mkono wangu haujawahi kumtoa mtu yule yule mara mbili akafanana; nikimchora leo ana shingo, kesho hana, na masikio yake yanakua na kunywea yapendavyo. Kasoro hiyo nusura iwapandishe watu watatu kwenye lori la kwenda wilayani na kunifanya mimi mtu asiyeitikiwa salamu, ndiyo maana naieleza kabla ya mengine.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya kijiji upande wa Mbuba, wilaya ya Ngara, miaka ambayo mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Nilizaliwa Biharamulo. Nilipangiwa kule nikiwa na sanduku moja la bati na Kihangaza, lugha ya kule, cha kubahatisha, nikapewa chumba katika boma la mjane mmoja mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi. Alikuwa na shamba zuri la migomba, kihenge cha mtama nyuma ya nyumba, na tabia ya kusema jambo mara moja tu. Kama hukusikia, shauri yako. Ulimi wake haukuwa na l; zote zilitoka r.

Katuni yangu ya kwanza ilitokana na hasira. Kitabu cha hesabu kiliuliza: ikiwa watu wanne wanachimba mtaro kwa siku sita, watu ishirini na wanne watauchimba kwa siku ngapi? Wanafunzi wangu wakajibu siku moja, nami nikawapa vema, kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Lakini wiki ile ile nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kijiji ya kuchimba mtaro, na tulikuwa wengi kiasi kwamba huwezi kuinua jembe bila kumgonga jirani sikioni. Tulitumia siku tano, mbili kati ya hizo tukiombana radhi. Basi nikachora watu ishirini na wanne ndani ya mtaro mmoja, wamebanana, majembe yote juu, na mmoja anauliza, "Nani ana nafasi ya kushusha?" Darasa la saba walivunjika mbavu. Nami, ambaye nilikuwa mwalimu mkali na nisiyependwa sana, nilirudi nyumbani nikijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Baada ya hapo sikuacha. Nilichora nyumba ya msonge iliyohamishiwa kwenye mstari wa nyumba za kijiji kipya, zote za pembe nne zimepangwa kwa kamba, na mpima viwanja anaiambia ijikunje pembe angalau moja ili isiharibu safu. Nilichora mtu aliyezoea ngonjera hata akashindwa kusema bila vina; anakwenda duka la kijiji kununua chumvi, anaanza kutunga, na anapopata kina cha mwisho chumvi imekwisha na mwenye duka amefunga. Nilimchora Sungura wa hadithi za utotoni akiomba kazi kwa Fisi, Fisi anamwuliza cheti cha ujanja kiko wapi. Wengine waliniambia ni mambo ya kitoto. Mimi niliona kwamba hesabu, hadithi na picha zilikuwa zimekaa vyumba mbalimbali shuleni bila kujuana, na nikizijulisha moja kwa nyingine zilicheka pamoja vizuri.

Vifaa vilikuwa taabu. Karatasi ya manila ililetwa kwa ajili ya zana za kufundishia, kwa hiyo nilichora nyuma ya zana zilizochakaa; mbele ya karatasi kulikuwa na ramani ya Afrika au mafungu ya chakula, nyuma kulikuwa na upuuzi wangu. Wino nilipewa wa bluu. Kivuli nilikipata kwa utomvu wa mgomba. Kila aliyewahi kuharibu shati kwa utomvu huo anajua kwamba unaanza kama maji, kesho yake ni hudhurungi, na hautoki mpaka shati litupwe. Nilichovya kijiti, nikapaka, nikaacha ukauke juani. Bibi aliponiona alisema nachezea mgomba wenye majani ya kufunikia chungu, lakini hakunikataza.

Katuni hizo zilibandikwa kwenye gazeti la ukutani. Vijana wa leo hawalijui. Lilikuwa ubao mpana nje ya ofisi ya kijiji, chini ya paa ili mvua isilifikie, na watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma walipelekwa pale kufanya mazoezi kwa habari za kweli. Nani amemaliza choo chake. Nani amechaguliwa balozi wa nyumba kumi. Ng'ombe wa nani amepotea na ana alama gani. Mimi nilikuwa msimamizi wa ubao huo, na kona ya chini kulia ilikuwa yangu. Nilidhani kila mtu anaelewa kwamba kona ile ni ya kuchekesha. Kumbe waliocheka walikuwa wanafunzi wangu. Wakubwa waliosoma pale walikuwa wamefundishwa, na aliyewafundisha ni mimi, kwamba kilichobandikwa kwenye ubao ule kimetokea.

Kisha vita vikaja. Adui alivamia upande wa kaskazini wa mkoa wetu, redio ikatangaza, na sisi wa kusini ambao hatukusikia mzinga hata mmoja tulivijua vita kwa mambo mengine. Malori yaliyozoea kupita kwenda Rusumo yalitoweka barabarani, yamechukuliwa kwa kazi ya jeshi. Sabuni ikatoweka. Watu walijaa mbele ya redio ya mwenyekiti wa kijiji wakisikiliza bila kukohoa. Na kila mwanamume aliyepitia mafunzo ya mgambo, pamoja na mimi niliyeyapitia chuoni, aliambiwa akae tayari. Filimbi ikilia, afike uwanja wa shule aitwe jina.

Ililia asubuhi moja nikiwa nanyoa ndevu. Nusu ya kidevu ilikuwa imenyolewa na nusu ina povu. Ningependa kuandika kwamba nilifuta povu nikatoka. Niliingia chini ya kitanda. Sikukata shauri, nilijikuta niko pale, pua imegusa vumbi, nasikia moyo unavyogonga sakafu. Nikafikiri kwamba chini ya kitanda ndipo mtu hutafutwa kwanza, nikatoka kwa kutambaa mpaka kwenye migomba, nikaingia katika shimo la kuivishia ndizi. Kwa asiyelijua, ni shimo la kina cha kiuno ambamo ndizi za pombe huvundikwa siku kadhaa, zimefunikwa majani na udongo. Siku hiyo lilikuwa tupu, limebaki harufu tamu na vinzi, nzi wadogo wapendao ndizi mbivu. Nilijifunika majani makavu nikakaa. Sijui muda gani. Vinzi vilipoanza kuniingia puani nilitoka nikapanda ndani ya kihenge cha Bibi, nikavunja kifuniko chake, nikazama kwenye mtama mpaka kifuani.

Hapo ndipo Bibi aliponikuta. Alinitazama, akatazama kifuniko.

"Mwarimu," alisema, "mtama huo ni wa kura watu. Toka."

Nikatoka. Hakuniambia habari ya ujasiri wala nchi. Labda angeniambia ningebishana. Nilikwenda uwanjani na mtama ndani ya shati na povu limekaukia kidevuni, nikasimama mwisho wa mstari, nikaitika jina langu nikiwa nimechelewa kuliko wote. Kamanda wa mgambo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alinikagua kuanzia kidevu hadi miguu.

"Walimu wanabaki kufundisha," alisema. "Imeamuliwa tangu jana. Nenda kamalize kunyoa."

Nilifurahi. Naomba nisiulizwe nilifurahi kiasi gani. Vijana tisa wa kijiji chetu waliondoka siku ile, baadhi yao niliwafundisha kusoma, nami nilirudi kumalizia kidevu changu. Furaha hiyo na aibu vilikaa ndani yangu pamoja kwa majuma kadhaa, kila kimoja kikikisukuma kingine, na niligundua kwamba nikilifikiria tukio lile kama katuni lilinilemea kidogo. Basi nikalichora. Visanduku vinne. Cha kwanza, mtu chini ya kitanda. Cha pili, mtu ndani ya shimo la ndizi. Cha tatu, mtu ndani ya kihenge, kichwa tu kimetokeza. Cha nne, mtu amesimama mstarini kifua mbele, mtama unamwagika kutoka mikononi mwa shati. Sikuandika maneno. Nilijidai kwamba katuni nzuri haihitaji maneno. Ukweli ni kwamba maneno yangenilazimu kusema huyo ni nani. Nilimvika kofia kwenye kisanduku cha kwanza ili asifanane nami, kisha kwenye cha pili nikasahau kofia. Nikaibandika Ijumaa jioni, nikaondoka Jumamosi asubuhi kwenda Nyamiaga kwenye mkutano wa walimu na kuchukua chaki.

Niliporudi Jumatatu mchana nilimkuta Bibi anamenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Nilidhani hajasikia, nikasema tena kwa sauti. Aliendelea kumenya. Kwa mtu wa umri wake kuinyima shikamoo marahaba yake ni jambo kubwa, na nilisimama pale na boksi langu la chaki nikikumbuka kila kosa nililofanya mwezi ule, nisione linalotosha. Nilipokwenda kisimani wanawake wawili waliinua ndoo zao wakaondoka kabla hazijajaa. Jibu nililipata ofisini, ambako katibu wa kijiji alinipokea kwa mikono miwili.

"Ndugu mwalimu," alisema, "umefanya kazi ya kizalendo."

Katibu huyo alikuwa kijana msafi, mpenda orodha, asiye na ubaya moyoni, na hiyo ndiyo iliyofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Alikuwa ameitazama picha yangu Jumamosi kwa makini. Aliona watu wanne: watatu wamejificha, mmoja ameitika wito. Alitoa orodha ya siku ile ya filimbi, akakagua nani hakuitika jina lake. Watatu! Watatu kwenye picha, watatu kwenye orodha. Alinieleza hesabu hiyo uso unang'aa, kama mwanafunzi aliyepata jibu kabla ya wenzake. Alikuwa ameelewa kwamba mwalimu, kwa kuogopa ugomvi na majirani, ametoa taarifa kwa njia ya picha. Watatu hao walikuwa wamefungiwa ndani ya ghala la kijiji tangu jana, na alasiri ile lori lililokuwa likikusanya chakula cha jeshi lingepita na kuwachukua hadi wilayani, wakajieleze kwa nini walikwepa wito wakati wa vita.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Niliuliza ni akina nani. Wa kwanza ni fundi baiskeli, kwa sababu ya kofia. Alisema siku ile alikuwa Rusumo kutafuta spoku. Wa tatu ni kijana aliyeoa karibuni, kwa sababu ya masikio. Alisema alimpeleka mke wake zahanati ya misheni. Wa pili alikuwa mkulima mmoja mrefu, mwembamba, mkimya, aliyevuka mto na watu wake kutoka Burundi akiwa mvulana na kuandikishwa pale kama sisi sote. Yeye alisema alikuwa anatafuta mbuzi. Wawili wa kwanza walikuwa na ndugu wa kuwasemea. Yeye alisemewa na mbuzi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na nilijua kabisa, kama katibu alivyojua, kwamba wilayani mtu aliyetoka ng'ambo ya mto asingesikilizwa kwa muda mrefu.

"Katibu," nilisema, "huyo ni mtu mmoja. Nimemchora mara nne."

Alicheka kwa upole. "Unawaonea huruma. Nakuelewa."

Ilibidi mwenyekiti aitwe, na mwenyekiti akija na watu huja. Alikuwa mzee Mwislamu, mkulima wa kahawa, mpole wa maneno lakini si wa maamuzi. Alikalia kiti nje ya ofisi, watu wakakaa majanini, picha ikabanduliwa ukutani ikawekwa juu ya meza. Nikarudia: mtu ni mmoja, hapa yuko chini ya kitanda, kisha anakwenda hapa, kisha hapa. Katibu akaniuliza kwa heshima zote. Mtu mmoja? Mbona huyu ana kofia na huyu hana? Mbona huyu ni mrefu? Haya masikio yametoka wapi? Kama ni mmoja, kwa nini hawafanani hata kidogo?

Nikajibu mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu kwamba hawafanani kwa sababu sijui kuchora. Hakuna aliyeamini. Walikuwa wameona ng'ombe niliyemchora kwa ajili ya somo la kilimo, na ng'ombe yule, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa amenitoka vizuri. Ndani ya ghala, hatua chache kutoka pale, mtu alikohoa.

Bibi alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Alikuwa ameninyima salamu si kwa sababu aliwapenda wale watatu kupita kiasi. Alikuwa na haki ya kunichukia kuliko wote: yeye peke yake alijua kwamba mimi mwenyewe nilijificha, na aliamini kwamba baada ya hapo nimekwenda kuwataja wenzangu. Siku tatu alikuwa amenyamaza na siri yangu wakati angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Sasa alinyanyuka, akasogea mezani, akainama juu ya picha kwa muda mrefu, kidole kikitoka kisanduku hadi kisanduku. Nilimwona anafika kwenye kihenge. Nilimwona anakitambua kifuniko chake.

"Katibu," alisema, "Kwaresima unakwenda Njia ya Msaraba?"

"Nakwenda, Bibi."

"Picha ziko ngapi kanisani?"

"Kumi na nne."

"Na Yesu wako wangapi?"

Bibi hakumpa nafasi ya kujibu. Alimwuliza kama yule wa picha ya tatu na yule wa tisa wanafanana. Ya tisa ilikuwa imebanduka rangi kwa unyevu, katekista akaipaka upya kwa rangi aliyokuwa nayo, ndevu zikawa nyekundu. Kila Mkatoliki wa Mbuba alizijua ndevu hizo. Tulizipigia magoti kila mwaka bila kusema kwamba ameingia mtu mwingine. Nilisikia mtu anaguna, kisha mwingine anacheka akiziba mdomo. Mimi nami nilikuwa nimezunguka picha kama zile tangu utotoni, kwenye kuta za kanisa jingine, na ndiyo kwanza naelewa nilikojifunza kumchora mtu yule yule tena na tena katika safari moja. Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuingia kanisani, aliuliza watu waliokaa karibu kama ni kweli, wakamhakikishia.

"Basi ni mmoja," alisema mwenyekiti. "Nimekubali. Huyo mmoja ni nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimejaribu kutofika. Nilisema ni mtu wa kubuni tu. Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu. Ubao ule, alisema, haujawahi kuweka choo cha kubuni wala ng'ombe wa kubuni. Ikiwa mtu yumo basi yupo, na kama hatajwi, yeye hana sababu ya kuwafungulia watatu ambao hawakuitika. Alilisema bila hasira. Lori lilikuwa linasikika tayari, linapanda kilima kwa gia ndogo, na kila mmoja aligeuza shingo upande wa barabara.

Mke wa yule aliyeoa karibuni alikuwa amekaa mbele kabisa. Alinitazama mdomoni, kama mtu anayesubiri dawa itoke kwenye chupa.

"Ni mimi," nilisema.

Nikaona ni lazima niendelee, maana nikinyamaza wangedhani nimejitoa mhanga. Niliwaeleza povu, kitanda, vinzi, mtama. Niliwaambia kwamba nilijificha mara tatu asubuhi moja, na kwamba niliporudishwa nilifurahi. Katibu alisema mwalimu hawezi kufanya hivyo. Bibi akasema anaweza.

"Nirimtoa mwenyewe kwenye kihenge," aliwaambia. "Kifuniko bado hajatengeneza."

Wa kwanza kucheka alikuwa kamanda wa mgambo, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote. Alisema sasa ameelewa ule mtama. Siku ile alidhani mwalimu amekuja na akiba yake ya njiani. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuzuia. Walicheka wazee, wakacheka wanawake, katibu akacheka akificha uso kwa orodha yake, na mimi, ambaye nilitegemea ardhi inimeze, nilijikuta nacheka mpaka machozi. Sijapata tena kujisikia hivyo. Kitu nilichokuwa nimekibeba tangu siku ya filimbi kilitua chini mbele ya kijiji kizima, kila mtu akakiona, na hakikuwa kikubwa kama nilivyodhani.

Mwenyekiti aliamuru ghala lifunguliwe. Kuhusu orodha, alisema spoku za fundi zimeonekana, cheti cha zahanati kimeonekana, na mbuzi hupotea. Alisema hivyo huku akimtazama katibu, na katibu akakunja karatasi. Lori lilisimama, likapakia mahindi na mikungu ya ndizi, likaondoka. Watatu walitoka wakikunja macho kwa mwanga. Mke wa yule kijana hakumkimbilia. Alimpa kitambaa ajifute uso, kisha akanigeukia akanipa mkono. Fundi baiskeli aliomba aone picha yake. Nilimwonyesha aliye chini ya kitanda, akasema kofia ile ni mbaya na asingeivaa hata msibani.

Nami nilihukumiwa. Picha irudishwe ukutani na chini yake niandike kwa herufi kubwa kwamba mtu huyu ni mmoja na ni mwalimu wenu. Nilitakiwa pia kutengeneza kifuniko cha kihenge, kazi ambayo Bibi aliisimamia mwenyewe na kuirudisha mara mbili. Jioni ile nilimsalimu kwa kunong'ona, sina uhakika.

"Marahaba," alijibu. "Kura."

Siku chache baadaye, baada ya masomo, nilimkuta yule mkulima mrefu amesimama peke yake mbele ya ubao. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa majani ya migomba nyuma yetu. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya ghala, na nilijiandaa kumwomba radhi, nimeshapanga maneno.

"Mwalimu," alisema kabla sijaanza, "shimo hili umelichora vizuri."

Nilimshukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kusifu mkono wangu.

"Mimi sikuwa natafuta mbuzi."

Nilitazama kama kuna mtu karibu. Hapakuwa na mtu. Aliendelea kutazama picha.

"Nilikuwa kwenye shimo la jirani. Filimbi ilipolia, miguu ilikwenda yenyewe. Mara ya kwanza niliingizwa shimo kama hilo nikiwa mtoto, kule kwetu, mwaka ule tuliokimbia. Mama ndiye aliyenifunika majani. Akasema nisitoke mpaka aje yeye."

Nilitaka kumwuliza kama alikuja. Nilijua kwamba pale kijijini aliishi na mjomba wake, sikuuliza.

"Ulipowaambia watu kwamba ni wewe," alisema, "nilikuwa nasikiliza kwenye tundu la ukuta. Nilikuwa nimeshajiandaa kukubali. Ningejibu nini? Kwangu ilikuwa kweli."

"Hata kwangu," nilisema.

Akaitika kwa kichwa. Kisha akasogea, akaweka kidole kwenye kisanduku cha pili, juu ya uso wa yule mtu.

"Ila hapa kuna kosa. Umemwacha macho wazi. Mle ndani mtu hufumba."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimefumba tangu nilipojifunika jani la kwanza, nimefumba mpaka yanauma, na wakati wa kuchora nikayafungua ili nionekane nafuu. Kijiji kizima kilikuwa kimecheka na hakuna aliyeuona uwongo huo. Nilitoa kalamu mfukoni nikamfumba macho yule mtu, jicho moja, kisha la pili, naye akasimama kando yangu mpaka nilipomaliza.